Bawabu wa kuazima asikabidhiwe daftari la nyumba

Mtumishi wa umma au mwalimu anayefungua mfumo wa kazi katika kompyuta siku hizi hukutana kwanza na mlango. Zamani mlango huo ulikuwa wa namna moja: jina na neno la siri. Sasa, chini ya nafasi hizo mbili, aghalabu huonekana vitufe vingine vinavyomkaribisha aingie kwa akaunti aliyo nayo tayari kwa Google, Microsoft, Facebook au Apple. Akibonyeza mara moja, yumo ndani. Hakutunga neno jipya la siri wala hakujaza fomu. Wengi hushukuru na kuendelea na shughuli zao, bila kujiuliza ni nani aliyewafungulia mlango, na kwa amri ya nani.

Swali hilo si dogo hata kidogo. Nyuma ya milango ya namna hiyo huhifadhiwa matokeo ya mitihani ya watoto, orodha za mishahara, maombi ya uhamisho na majalada ya wagonjwa. Anayesimama mlangoni ndiye anayeamua nani aingie na nani abaki nje. Ofisi inayokubali kampuni ya nje isimame mahali hapo haina kosa kwa kufanya hivyo. Kuazima bawabu hodari ni busara pale ambapo mwenye nyumba hana wake. Kosa huanza pale bawabu wa kuazima anapokabidhiwa pia daftari la wenyeji, hata siku akiondoka, mwenye nyumba mwenyewe asiweze kusema ni nani wanaoishi ndani. Wahenga walikwisha kuonya kwamba mali bila daftari huisha bila habari.

Barua ya utambulisho

Ili jambo hili lihukumiwe kwa haki, yafaa kwanza kueleza lilikotoka. Katika miaka ya 2000, tovuti nyingi zilikuwa na desturi mbaya ya kumwomba mtu neno la siri la barua pepe yake, eti zimsaidie kuwatafuta rafiki zake. Ilikuwa sawasawa na mtu kumpa fundi saa funguo za nyumba nzima ili akachukue saa moja ukutani. Kwa kuiondoa desturi hiyo, wataalamu walikubaliana mwaka 2007 juu ya utaratibu ulioitwa OAuth. Toleo lake la pili, ambalo ndilo linalotumika hadi leo, lilichapishwa Oktoba 2012. Mwezi Februari 2014 ukaongezwa juu yake utaratibu mwingine uitwao OpenID Connect, ambao kazi yake hasa ni kuthibitisha mtu ni nani.

Kila mtumishi wa umma anaijua barua ya utambulisho, na kwa hiyo utaratibu huu hautamshinda kuuelewa. Mwananchi anakwenda katika ofisi ambako hajulikani. Ofisi hiyo inamwambia arudi kwa serikali ya mtaa wake, ambako anajulikana. Huko anapewa barua yenye mhuri, naye anairudisha kwa waliomtuma. Ofisi imepata uthibitisho iliouhitaji, wala hakuna aliyedai funguo za nyumba ya mwananchi huyo.

Katika kompyuta mambo huenda vivyo hivyo. Mfumo unampeleka mtu kwa mthibitishaji. Huko, na huko tu, ndiko anakoandika neno lake la siri. Mthibitishaji anamwuliza kama anaridhia, kisha anamrudisha kwenye mfumo akiwa na namba fupi ya muda. Mfumo unaichukua namba hiyo, unaongeza siri yake wenyewe inayoujulisha kwa mthibitishaji, na kwa njia isiyopitia mikononi mwa mtumiaji unabadilishana naye na kupewa hati iliyotiwa saini. Mtumiaji huona kufumba na kufumbua tu, lakini nyuma ya pazia zimekwisha kupita safari tatu au nne.

Uzito wa kazi uko katika kuisoma hati hiyo. Karani mzembe huona mhuri akatosheka. Karani makini huuliza mambo manne: mhuri huu ni wa nani hasa, barua hii imeandikwa kwa ofisi hii au kwa nyingine, muda wake umepita au bado, na je, aliyeileta ndiye yule yule aliyetumwa kuifuata? Barua iliyoandikwa kwa hospitali haipaswi kupokewa benki, hata kama mhuri wake ni halali. Fundi anayeunganisha mfumo na huduma ya namna hii, kisha akaruka swali moja kati ya hayo manne, amejenga mlango mzuri usiokuwa na komeo.

Liko na kosa jingine ambalo mafundi wengi wameliangukia. OAuth yenyewe hutoa ufunguo wa ghala, yaani ruhusa ya kuchukua kitu fulani. Ufunguo wa ghala hausemi aliyeushika ni nani. Mfumo unaopokea ufunguo ukauchukulia kuwa ni kitambulisho unaweza kumkaribisha mwizi aliyeuokota njiani. Kwa sababu hiyo hati ya utambulisho ya OpenID Connect ikawekwa kando ya ufunguo, na asiyejua tofauti ya vitu hivyo viwili hafai kukabidhiwa ujenzi wa mlango wa umma.

Mlango unapofungwa

Faida za bawabu wa kuazima haziwezi kukanwa. Mtu mwenye maneno kumi ya siri huishia kuyaandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani, au kutumia neno moja kila mahali. Makampuni makubwa yana walinzi wanaokesha usiku na mchana, jambo ambalo shule ya sekondari yenye fundi mmoja wa kompyuta haliwezi. Na mfumo usiotunza maneno ya siri hauwezi kuibiwa maneno ya siri.

Lakini mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mifano iko wazi. Tarehe 14 Desemba 2020, ilipokaribia saa tisa alasiri kwa saa za Afrika Mashariki, huduma ya Google ya kuwatambua watumiaji ilikosa nafasi ya kuhifadhi kumbukumbu zake kwa sababu mitambo ya kampuni hiyo iliipunguzia mgao kimakosa. Kwa muda wa dakika 47 watu duniani kote walishindwa kuingia, si katika huduma za Google peke yake, bali hata katika mifumo ya wengine iliyomtegemea bawabu huyo huyo. Tarehe 4 Oktoba 2021 ikawa zamu ya Facebook. Mabadiliko yaliyofanywa katika mitambo yake ya mawasiliano yaliikata kampuni nzima kutoka katika intaneti kwa muda wa saa sita hivi. Waliozoea kuingia katika tovuti nyingine kwa akaunti zao za Facebook walikuta milango imefungwa katika nyumba ambazo hazikuwa na hitilafu yoyote.

Hizo zilikuwa ajali, na ajali hutengenezwa. Uko mlango unaofungwa kwa makusudi. Mwezi Septemba 2020, Apple na kampuni ya michezo ya kompyuta iitwayo Epic Games zilipokuwa mahakamani zikigombea malipo, Epic iliwatangazia wateja wake kwamba baada ya siku mbili Apple ingeacha kuwathibitisha wale waliokuwa wakiingia kwa akaunti za Apple, na ikawahimiza waweke haraka njia nyingine ya kuingia. Siku iliyofuata Epic ikasema muda umeongezwa, na hatari ikapita. Hata hivyo funzo lilibaki: ugomvi wa fedha kati ya wakubwa wawili ulikaribia kuwafungia mlango watu wasiohusika nao.

Tena, liko suala la bawabu anayeamua kuacha kazi. Shirika la Mozilla, ambalo halikuwa likitafuta faida, lilianzisha huduma ya kuingilia iliyokuja kuitwa Persona mwaka 2011. Ilisifiwa kwa kuheshimu siri za watu. Lakini haikupata watumiaji wa kutosha, na tarehe 30 Novemba 2016 ikafungwa. Mifumo iliyokuwa imeitegemea ililazimika kutafuta mlango mwingine. Nia njema ya mtoa huduma haitoshi kumhakikishia mwenye nyumba kwamba kesho atakuwepo.

Jina na mtu

Hatari ya pili haina kelele, na kwa hiyo ni mbaya zaidi. Mfumo unapopokea hati ya utambulisho hukuta ndani yake mambo kadhaa. Yumo mtu kwa jina lake na anuani yake ya barua pepe. Imo pia namba ndefu isiyopendeza macho, ambayo mthibitishaji ameahidi kutoibadilisha wala kumpa mtu mwingine. Fundi mwenye haraka huchagua barua pepe kuwa ndiyo alama ya mtu, kwa sababu inasomeka. Hapo amekosea.

Anuani ya barua pepe hubadilika, huhamishwa, na wakati mwingine hurithiwa. Mwezi Juni 2023 watafiti wa usalama walionyesha kwamba katika huduma ya utambulisho ya Microsoft mtu aliweza kujiwekea anuani ya barua pepe ya mwingine, na mifumo iliyotazama anuani peke yake ikamfungulia akaunti isiyo yake. Mwezi Januari 2025 watafiti wengine wakaeleza jambo linalofanana nalo: kampuni iliyokufa huacha jina lake la mtandaoni bila mwenyewe, mtu yeyote hulinunua, huunda upya anuani za waliokuwa wafanyakazi, kisha huingia kwa kitufe cha Google katika mifumo ambayo bado imetunza kumbukumbu zao.

Kwa mtumishi wa umma jambo hili halina ugeni. Anuani ya ofisi hutolewa kwa cheo. Mwalimu mkuu akihamishwa, anayekuja baada yake hukaa kwenye kiti kile kile na pengine hupewa anuani ile ile. Kama mfumo unamjua mtu kwa anuani hiyo tu, basi mgeni atafunguliwa majalada ya aliyeondoka, na aliyeondoka atakuta milango yote imefungwa, hata ule wa kumbukumbu zake mwenyewe. Hakuna mhalifu aliyehusika hapa. Kilichotendeka ni uzembe wa siku moja ya ujenzi, unaolipiwa kwa miaka.

Ruhusa isiyosomwa

Hatari ya tatu inamhusu anayebonyeza. Tarehe 3 Mei 2017 watu wengi walipokea barua pepe iliyodai kwamba mtu wanayemfahamu amewaletea waraka. Waliobonyeza walipelekwa katika ukurasa halisi wa Google, wenye kufuli na anuani ya kweli. Hapo programu iliyojiita kwa hila jina la huduma ya nyaraka ya Google iliomba ruhusa ya kusoma na kuandika barua zao na kuona orodha ya watu wao. Waliokubali waliipa ruhusa hiyo, nayo ikajituma kwa kila mtu aliyekuwemo katika orodha. Google iliizima ndani ya saa moja hivi. Hakuna aliyeibiwa neno la siri. Kila aliyedhurika alikuwa ameridhia kwa kidole chake mwenyewe.

Kwa hiyo lawama ni ya pande mbili. Mfumo wa mahudhurio ya wanafunzi unaotaka kusoma barua za mwalimu unaomba kisichouhusu, na msimamizi aliyeupitisha hakutimiza wajibu wake. Lakini mwalimu naye, anayewafundisha watoto kusoma kabla ya kutia saini, hawezi kubonyeza neno “nakubali” bila kusoma lililoandikwa juu yake.

Yaliyowapata wengine

Wako wanaodhani kwamba matatizo haya ni ya nchi changa tu. La hasha. Serikali ya Uingereza ilizindua mwaka 2016 mfumo wa Verify, ambao kwa huo wananchi walithibitishwa na makampuni ya nje kabla ya kupata huduma za serikali. Ilitarajiwa kwamba watu milioni 25 wangeutumia kufika mwaka 2020. Ukaguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta watu milioni 3.6 tu, na kwamba kati ya kila watu 100 waliojaribu kujithibitisha, waliofaulu walikuwa 48. Mfumo huo ulifungwa mwaka 2023, na serikali ikajenga mlango wake yenyewe, uitwao One Login.

Nchini Marekani, idara ya kodi ilitangaza Novemba 2021 kwamba walipa kodi wangeingia katika akaunti zao kwa kupitia kampuni moja binafsi iliyolinganisha sura zao kwa kompyuta. Malalamiko yalikuwa makubwa, na tarehe 7 Februari 2022 idara hiyo ikatangaza kwamba itaachana na utaratibu huo wa kutambua sura. Katika nchi zote mbili fedha na utaalamu vilikuwepo. Lililokosekana ni kujiuliza mapema kama mwananchi atafuteje haki yake pale bawabu wa kampuni anaposema hamjui.

Ufaransa ilichukua njia nyingine tangu mwaka 2016. Huduma yake ya FranceConnect hutumia utaratibu ule ule wa OpenID Connect, lakini daraja lenyewe ni la serikali, na mwananchi huchagua kati ya vitambulisho kadhaa kile atakachovukia. Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalijui: taratibu hizi ni mali ya wote. Mtu haruhusiwi tu kuwa mgeni wa Google. Anaruhusiwa pia kuwa mwenyeji. Iko hata programu huria kama Keycloak, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2014, ambayo chuo au wizara inaweza kuiweka katika seva zake ikawa bawabu wa taasisi zake zote.

Wajibu wa kila mmoja

Wako wanaosema, baada ya kusikia hayo yote, kwamba suluhisho ni kuyafukuza makampuni ya nje na kila ofisi ijenge mlango wake. Hoja hiyo ina uchungu wa kweli lakini haina hekima. Ofisi isiyoweza kutunza maneno ya siri kwa namna inayotakiwa itawaibia watu wake kwa uzembe kile ambacho kampuni ingekilinda kwa ustadi. Kujitegemea hakuna maana ya kufanya vibaya kile ambacho mwingine anakifanya vizuri. Maana yake ni kubaki na uwezo wa kuamua.

Uwezo huo hulindwa kwa mambo machache yanayoeleweka. Kwanza, daftari libaki nyumbani. Kila taasisi iwe na orodha yake ya watu wake, vyeo vyao na haki zao, na barua ya bawabu itumike kumtambua tu yule ambaye tayari yumo katika orodha hiyo. Pili, mtu aandikwe kwa namba ya kudumu pamoja na jina la mthibitishaji aliyeitoa, na anuani ya barua pepe ibaki kuwa njia ya kumwandikia. Tatu, uwepo mlango wa akiba. Kila aliyeingia kwa akaunti ya nje awe na njia nyingine iliyokwisha kujaribiwa, na msimamizi wa mfumo asiwe na njia moja tu ya kuingia katika nyumba anayoisimamia.

Nne, mfumo uombe ruhusa ile tu unayoihitaji. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Zote mbili zinadai taarifa zikusanywe kwa kusudi lililo wazi, na zimeweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Ikumbukwe pia kwamba bawabu humwona kila anayepita: kampuni inayothibitisha watu hujua ni nani aliyeingia katika mfumo gani, na saa ngapi. Tano, mafundi wafuate mwongozo wa usalama uliochapishwa Januari 2025, unaotaka anuani ya kumrudisha mtu ilingane herufi kwa herufi na ile iliyoandikishwa, na unaokataza kabisa mfumo kupokea neno la siri la mtu kwa niaba ya mthibitishaji. Siri ya mfumo nayo isiandikwe ndani ya programu inayosambazwa kwa watu, maana siri inayogawiwa kwa watu elfu si siri tena.

Wanaotia saini mikataba wana wajibu wao usioweza kusukumwa kwa mafundi. Kabla ya kalamu kugusa karatasi, waulize: huduma hii ikifungwa kesho asubuhi, watumishi wataingiaje? Kampuni ikimfungia mtu mmoja akaunti yake kwa makosa, atamlalamikia nani, kwa lugha gani, na atajibiwa baada ya siku ngapi? Taasisi ikitaka kubadilisha bawabu, itaondoka na nini mkononi? Mtaalamu asiyeweza kuyajibu maswali hayo kwa maneno ya kawaida hajamaliza kazi yake, hata kama kitufe chake kinafanya kazi.

Mwalimu aliye mbali na mji, anayesubiri mtandao utulie ili aingize alama za wanafunzi wake kabla ya siku ya mwisho, hajui habari za tokeni wala za saini. Anachojua ni kwamba amefika mlangoni kwa wakati na kazi yake iko mkononi. Akifungiwa nje, hana sababu ya kujali kama hitilafu iko California au katika chumba cha pili. Wenye kuujenga mlango huo na wenye kuulipia ndio wanaopaswa kumjibu, na jibu hilo liandaliwe leo, mlango ungali wazi.